Mtu Asiye na Roho: Insha juu ya Dhima ya Kampuni

Miongoni mwa vitu vilivyobuniwa na akili ya mwanadamu ni vichache vilivyopewa ukubwa wa mamlaka na wepesi wa lawama kama kampuni. Humiliki ardhi, majengo na vyombo vya bahari. Hukopa na kukopesha, hushtaki na kushtakiwa. Huajiri baba, kisha mwana, kisha mjukuu, ikawazika wote na yenyewe ikabaki. Walakini haina mwili wa kutiwa pingu wala uso wa kuona haya, na hapana usiku iliowahi kukosa usingizi kwa majuto ya neno ililolitenda mchana. Mwaka 1897 majaji wa Baraza la Malordi la Uingereza, katika shauri la Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London aliyegeuza biashara yake kuwa kampuni kisha ikafilisika, waliamua kwamba kampuni ile ilikuwa mtu mbali na Salomon mtu mbali, ijapokuwa hisa zake karibu zote zilikuwa mkononi mwake, na chache zilizosalia zilishikwa na mkewe na watoto wake. Sheria za makampuni za Kenya, Uganda na Tanzania zimesimama juu ya msingi wa hukumu hiyo hata leo.

Kwa mwanasheria na kwa mfanyabiashara hukumu ile ilikuwa neema, kwani ilimwezesha mtu kutia akiba yake katika shughuli kubwa pasipo hofu ya kunyang'anywa nyumba anayolala shughuli ikianguka. Na lau kinga hiyo isingalikuwapo, reli nyingi, viwanda vingi na mabenki mengi yasingalijengwa. Lakini kwa mtu wa dini, na kwa kila mwenye kutafakari mambo ya adili, ilizaa swali ambalo majaji hawakuulizwa nao hawakulijibu. Dini zetu zimetufundisha kwamba siku ya hesabu kila nafsi itasimama na amali zake, bila ya mzazi wala rafiki wa kuichukulia mzigo. Mtu huyu wa sheria, asiye na nafsi, atasimama wapi siku hiyo? Na kama hasimami, dhuluma iliyotendwa kwa jina lake itaandikwa katika daftari ya nani?

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikutana na swali hili mapema, kwa sababu hapa kampuni ilitangulia serikali ya kikoloni. Mwaka 1885 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilipewa hati ya ulinzi na Kaisari, na mwaka 1888 kampuni ya Sir William Mackinnon, tajiri wa meli wa Uskochi, ikapewa hati na Malkia Victoria kushika Mombasa na bara yake. Katika mwaka huo huo wa 1888 maofisa wa kampuni ya Kijerumani walipokuja kutwaa forodha na kusimamisha bendera yao katika miji ya Mrima, watu waliinuka chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri, na kampuni iliyoyaleta mambo hayo haikuweza kuyakabili. Ikalazimu dola ya Ujerumani kumtuma Hermann Wissmann na askari wake, miji ikapigwa mizinga, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Wenye hisa walikuwa mbali, Ulaya, na yamkini wengi wao walikuwa watu wapole waliosali kila Jumapili. Kampuni ya Mackinnon nayo, baada ya miaka ya hasara, iliirudisha hati yake mwaka 1895 ikalipwa fidia ya pauni 250,000, na sehemu iliyo kubwa ya fedha hiyo ilitoka katika mali ya Zanzibar. Kampuni hufa kifo cha makaratasi. Wafanyakazi wake huhamia kwingine, vitabu vyake huhifadhiwa, na waliodhulumiwa hubaki bila ya mtu wa kumshika nguo.

Hapana budi, basi, kuisikiliza kwanza hoja ya yule aliyesema kwamba swali lenyewe halifai kuulizwa. Mwezi wa Septemba 1970 Milton Friedman, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, aliandika katika jarida la New York Times makala ambayo wakubwa wa biashara wa nchi nyingi waliishika kama watu washikavyo fatwa. Alisema kwamba wajibu huwa juu ya watu, na kampuni ni mtu wa kubuniwa tu. Kwamba mkurugenzi ni wakili wa wenye hisa na mali aishikayo ni yao. Kwamba akiitoa katika jambo jema alipendalo yeye, amewatoza kodi pasipo idhini yao na kujifanya serikali ilhali hakuchaguliwa na raia. Na kwamba kazi yake ni kuwazidishia faida waliomwajiri, maadamu hakiuki kanuni za mchezo wala hadanganyi. Wema unaotangazwa na makampuni ili kuvuta wateja na sifa aliuona kuwa hauko mbali na unafiki.

Wengi waliompinga walishika njia ya kusema kwamba kampuni inayo dhamiri, kwamba ni raia mwema, kwamba ina moyo. Njia hiyo siioni kuwa na nguvu, kwa sababu Friedman alisema kweli katika jambo lake la kwanza: wajibu ni wa watu. Kosa lake li katika yale aliyoyatoa humo. Ikiwa wajibu ni wa watu peke yao, basi haukomi mtu avukapo kizingiti cha ofisi akatundika koti lake. Humfuata mpaka katika chumba cha mkutano, na huwa mzito zaidi humo, maana mkono wake umekuwa mrefu zaidi. Tena mafakihi waliokwisha kuzipima kwa karne nyingi hukumu za uwakala walikubaliana kwamba mtu hawezi kumfanya mwenziwe wakili wake katika neno ambalo yeye mwenyewe hana haki ya kulitenda. Mwenye hisa hana haki ya kumwaga sumu katika kisima cha jirani. Basi hana haki hiyo ya kumkabidhi mkurugenzi, na mkurugenzi hawezi kujitetea kwamba alimwaga kwa niaba ya mtu. Ama kuhusu kanuni za mchezo, kila aliyepata kuona jinsi miswada ya sheria inavyoandaliwa ajua kwamba mchezaji tajiri aghalabu hukaa karibu sana na wale wanaoziandika.

Ili maneno haya yasibaki hewani, na tuitazame nyumba moja ya biashara ambayo imewahi kutenda jambo jema kuliko karibu yote yaliyotendwa na makampuni katika karne iliyopita, na ambayo, chini ya jina lile lile, ilifikishwa mbele ya mahakama kwa jambo la aibu. Nyumba hiyo ni Merck, watengenezaji wa dawa wa New Jersey, Marekani.

Katika mito yenye maji yaendayo kasi, huko Mahenge na Tukuyu, katika sehemu za Uganda, katika Kongo na katika nchi nyingi za Afrika ya Magharibi, huzaliana mdudu mdogo mweusi aitwaye usubi, ambaye akimuuma mtu humwachia mnyoo, na vizazi vya mnyoo huyo hutambaa chini ya ngozi vikamtia mwasho usiomwacha kulala, na vikifika machoni humpofusha. Yalikuwako mabonde yenye rutuba yaliyohamwa kabisa, kwa kuwa wakazi wake waliona afadhali njaa ya mlimani kuliko upofu wa mtoni. Dawa yake haikutafutwa kwa ajili yao. Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato alichota udongo nchini Japani karibu na uwanja wa gofu. Viumbe wadogo waliopatikana katika udongo ule walipelekwa Merck, na William Campbell na wenziwe wakaona kwamba kitu kitokacho humo huua minyoo ya ng'ombe, farasi na kondoo. Ikawa dawa ya mifugo yenye faida kubwa mno. Ni Campbell aliyewaeleza wakubwa wake mwaka 1978 kwamba huenda dawa hiyo ikawafaa watu wenye ugonjwa wa usubi, na ni Mohammed Aziz, daktari wa kampuni hiyo hiyo, aliyesimamia jaribio la kwanza kwa wagonjwa huko Dakar mwaka 1981. Dawa ilifanya kazi. Likabaki tatizo ambalo hapana mtaalamu wa biashara aliyefundishwa jibu lake: bidhaa nzuri, wahitaji mamilioni, na wote hawana fedha ya kuinunua.

Mkuu wa kampuni wakati huo alikuwa Roy Vagelos, daktari, mwana wa wahamiaji wa Kiyunani waliokuwa na mgahawa mdogo mjini Rahway, jirani na maabara za Merck, naye alikua akiwahudumia wanasayansi wa Merck waliokuja kula. Kwanza kampuni ilitafuta mnunuzi: ikabisha hodi kwa serikali ya Marekani na kwa mashirika ya kimataifa, na hapana aliyekubali kulipa. Mwezi wa Oktoba 1987 Vagelos alitangaza kwamba dawa itatolewa bure, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wowote utakaohitajika. Uzito wa ahadi hiyo haufahamiki mpaka mtu ajue kwamba dawa huwaua wadogo wa mnyoo tu na kumwacha mama yao hai, naye huishi mwilini miaka kumi na zaidi, hata ikalazimu watu wameze mwaka baada ya mwaka. Ilikuwa nadhiri iliyowafunga warithi ambao hawakuitia sahihi. Nao wameitimiza mpaka leo. Campbell na Ōmura wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na miongoni mwa nchi ambazo Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba ugonjwa umekoma humo, Colombia ilitangulia mwaka 2013, na katika Afrika Niger ilikuwa ya kwanza mwaka 2025.

Hapa yafaa tushuke kutoka katika ghorofa za New Jersey mpaka uwanja wa kijiji, kwa kuwa hapo ndipo sadaka ile ilipokamilika. Mgawaji wa dawa, aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe, amesimamisha fimbo iliyotiwa alama kwa rangi. Hana mizani ya kupimia uzito, wala haihitaji; kila mtu husimama kando ya fimbo, na alama iliyofikiwa na kichwa chake husema ni kidonge kimoja, viwili, vitatu au vinne. Mtoto asiyefikia sentimita 90 hurudishwa kwa mamaye, na mja mzito huambiwa asubiri. Mgawaji humtazama kila mtu akimeza, kisha huandika katika daftari. Wengi wa wagawaji hao wamefanya kazi hiyo msimu baada ya msimu bila ya mshahara, wakiacha mashamba yao wenyewe, na majina yao hayamo katika hotuba za tuzo. Mwenye insafu akipiga hesabu ya nani alitoa nini, atatenga sehemu kubwa kwa watu hao ambao hawakuwa na hisa hata moja.

Sasa tugeuze ukurasa. Mwaka 1999 nyumba hiyo hiyo iliingiza sokoni dawa ya maumivu ya viungo iitwayo Vioxx, nayo ikatumiwa na mamilioni ya watu. Mwaka 2000 utafiti uliogharimiwa na kampuni yenyewe ulionyesha kwamba waliomeza dawa hiyo walipatwa na mshtuko wa moyo mara nyingi zaidi kuliko wenzao waliomeza dawa nyingine ya zamani. Jambo hilo lilikuwa na tafsiri mbili: ama dawa mpya yadhuru moyo, ama dawa ya zamani yaulinda. Kampuni ikashika tafsiri ya pili, ikaendelea kuuza na kutangaza, mpaka utafiti mwingine ulipoifunga njia hiyo, na tarehe 30 Septemba 2004 dawa ikaondolewa sokoni. Mwaka 2007 ilikubali kutoa dola bilioni 4.85 kumaliza madai ya maelfu ya watu, pasipo kukiri kosa. Na mwaka 2011 ilikubali kulipa dola milioni 950 na kukiri hatia ndogo ya jinai kwa namna ilivyoitangaza dawa ile. Na katika miaka yote hiyo, kutoka 1999 hata 2004, makasha ya dawa ya usubi hayakuacha kupakiwa kuja Afrika.

Mtu akiulizwa, je, Merck ni nyumba ya wema au ya uovu, atajibu nini? Akishika dhana kwamba kampuni ina moyo, atatatizika, kwa kuwa moyo mmoja hauwezi kuwa hivi na vile kwa saa ile ile. Lakini akikumbuka kwamba hapana moyo humo ila mioyo ya watu, fumbo litafumbuka. Desturi ya kutoa dawa bure ilirithishwa, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwekewa taratibu, fedha na kamati. Uaminifu wa kusema kweli iliyo chungu haukurithishwa, kwa sababu huo haurithishiki. Mtu mwema hufa na wema wake, na anayekalia kiti chake sharti auanze wake upya. Wala si ajabu, ingawa hapana awezaye kuona yaliyo vifuani, kwamba sifa ya jambo jema la jana humlevya mtu akasema nafsini mwake kwamba nyumba kama yetu haiwezi kudhuru. Hiyo ndiyo ghururi ambayo wenye hekima wa dini zote wameonya juu yake: mtu kuitegemea taa aliyoiwasha mzee wake.

Ipo tofauti nyingine kati ya mambo haya mawili, nami naiona kuwa ndiyo kiini cha uongozi. Katika dawa ya usubi Merck haikujiachia hukumu mikononi mwake. Iliweka kamati ya wataalamu wa nje huko Atlanta, chini ya William Foege, mmoja wa watu waliopiga vita ndui mpaka ikatoweka duniani, na kamati hiyo ndiyo iliyoamua dawa iende kwa nani na kwa masharti gani. Katika Vioxx aliyeupima ushahidi, akautafsiri na akaueleza umma alikuwa yule yule atakayepata faida au hasara kwa tafsiri hiyo. Kadhi yeyote wa Lamu au Unguja, awe wa zamani au wa leo, angeinuka kitini mara moja kama shauri lililoletwa mbele yake lingekuwa lake mwenyewe. Sababu haikuwa kwamba makadhi wote ni waongo. Ilikuwa kwamba maslahi hupofusha hata jicho la mkweli, nalo halijui kwamba limepofuka.

Kwa hiyo dhima ya kampuni kwa jamii haipimwi kwa wingi wa vitu inavyovitoa. Kipimo chake ni kuulizwa: je, yuko mtu, ndani au nje, mwenye elimu ya kuiuliza, mwenye haki ya kuiuliza, na mwenye amani ya kuiuliza asipoteze riziki yake kwa ajili hiyo? Kiongozi atafutaye watu wa kumsifu yuko tayari kudhuru, hata kama hajadhuru bado. Kiongozi aliyeweka kwa mkono wake mwenyewe watu wawezao kumzuia amekwisha kutimiza nusu ya wajibu wake kabla ya kutoa senti moja ya sadaka.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni ya kila mtu aliyemo. Wanachuoni wa Kiislamu hugawanya faradhi mafungu mawili: faradhi ya kila mtu, kama sala, na faradhi ya kifaya, kama kumzika maiti, ambayo wakiifanya baadhi ya watu wengine husamehewa, na wasipoifanya wote hupata dhambi. Jambo la kustaajabisha katika hukumu hii ni upande wake wa pili. Maiti ikilala bila ya kuzikwa katika mji wa watu elfu, dhambi haigawanywi kwa elfu hata kila mmoja akapata chembe isiyoonekana. Huwa kamili juu ya kila mmoja aliyejua na akaweza. Hesabu ya ofisi hufuata njia iliyo kinyume. Mhandisi husema kwamba yeye aliandika ripoti na kuisoma ni kazi ya wakubwa. Mkubwa husema kwamba wanasheria hawakuona tatizo. Mwanasheria husema kwamba aliulizwa juu ya sheria na hakuulizwa juu ya haki. Mjumbe wa bodi husema kwamba jambo halikuwamo katika ajenda. Na mwenye hisa husema kwamba yeye hupokea gawio tu. Dhambi hugawanywa mpaka ikayeyuka, na madhara hubaki mazima mwilini mwa aliyedhurika. Elimu ya kifaya yatufundisha kwamba faida yagawanyika kwa hisa, lakini dhima haigawanyiki.

Yawezekana msomaji atasema kwamba hukumu hiyo ni kali, na kwamba kama kila karani atabeba dhima nzima hapana atakayethubutu kuajiriwa. Lakini fakihi hakumtwika mtu asiloweza: mwenye kubeba ni yule aliyejua na akaweza, na uwezo wa karani ni kusema, na uwezo wa mkurugenzi ni kusimamisha. Aliyesema na asisikizwe amekwisha kuutua mzigo wake, na mzigo huo umepanda ghorofa moja juu. Ndiyo maana wenye vyeo wasiotaka kubeba huwa na hila moja ya kale, nayo ni kuhakikisha kwamba habari mbaya haziwafikii, wakidhani kwamba kutojua ni udhuru. Kutojua kwa aliyeziba masikio si udhuru katika dini yoyote niijuayo.

Kuhusu tadbiri za biashara, ambazo siku hizi huitwa mikakati na huandikwa katika vitabu vyenye jalada la kung'aa, watu wengi hudhani kwamba ni jambo la akili tu na kwamba maadili ni sura ya mwisho ya kuongezwa. Katika dini amali hupimwa kwa nia. Nia ya mtu imefichika kifuani mwake, lakini nia ya kampuni imeandikwa: imo katika bajeti, katika kipimo kinachompa meneja bakshishi ya mwisho wa mwaka, na katika jina la anayepandishwa cheo. Meneja wa mauzo akilipwa kwa wingi wa mikopo aliyoitoa pasipo kutazamwa kama waliokopa wataweza kulipa, nia ya nyumba hiyo imekwisha kujulikana, hata kama ukutani pametundikwa maneno mazuri ya maadili katika fremu ya kioo. Atakaye kujua dini ya kampuni aitazame hesabu yake ya ujira kabla ya kuitazama hotuba ya mwenyekiti.

Na hili latufikisha kwenye ada ambayo miji yetu yote imeizoea. Asubuhi katika uwanja wa shule ya msingi pametandazwa zulia jekundu juu ya vumbi; madawati mapya yamepangwa yakiwa yamebandikwa nembo; wanafunzi wameimba mara mbili kwa kuwa kamera ya kwanza haikuwa tayari; na ofisa wa kampuni na mkuu wa shule wameshika ncha mbili za hundi ya mfano, pana kama mlango, huku wakitabasamu kuelekea upande mmoja. Madawati yale ni kitu cha kweli, na mtoto aliyekuwa akiandika sakafuni hana sababu ya kuyakataa. Lakini huenda mfanyakazi wa usafi wa kampuni hiyo amekuwa kibarua kwa miaka mitano bila ya mkataba. Huenda mzabuni mdogo aliyeuza vifaa amezungushwa miezi sita akidai malipo yake. Huenda kodi iliyostahili kujenga shule kumi imepitishwa katika visiwa ambavyo kampuni haina shughuli yoyote humo. Sadaka ni fadhila na haki ni deni, na mwenye deni hatoi fadhila mpaka alipe. Fedha aliyowanyima wanaomdai akaigawa mbele ya kamera ni mali ya watu iliyopambwa kwa riya.

Serikali kadha wa kadha zimejaribu kuutia wajibu huu katika sheria. India, kwa sheria yake ya mwaka 2013, yayataka makampuni makubwa yatumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa mambo ya jamii; Tanzania, tangu marekebisho ya mwaka 2017, yawataka wenye leseni za madini waandae kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii na kukubaliana na serikali za mitaa; na Kenya, katika sheria ya makampuni ya mwaka 2015, yamtaka mkurugenzi azingatie wafanyakazi, jamii na mazingira anapoitafutia kampuni mafanikio. Sheria hizo zina faida yake, kwani humpa mwenye kuuliza mahali pa kusimama. Lakini sheria yaweza kuamuru asilimia, haiwezi kuamuru ikhlasi. Na nyumba inayotoa asilimia 2 kwa wema haijajibu lolote juu ya jinsi ilivyozipata zile 98 nyingine.

Limebaki fungu moja la watu ambalo halijaguswa sana katika maneno haya, nalo ni sisi. Tumezoea kusema wenye hisa kana kwamba ni jamaa wa mbali wenye kofia ndefu na saa za dhahabu. Lakini mwalimu, muuguzi na dereva, ambao kila mwezi hukatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa uzeeni, ni wenye mali katika mabenki, katika viwanda na katika makampuni ya simu ambayo mifuko hiyo imenunua hisa zake. Kila mmoja wao, kwa kadiri ndogo, yumo katika kiti kile walichokikalia wenye hisa wa Ulaya mwaka 1888, waliopokea hesabu ya mwaka wasiulize Pangani kumetokea nini. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kuuliza, maana Pangani ni kwetu. Wadhamini wa mifuko hiyo huteuliwa na hutoa taarifa, na vyama vya wafanyakazi vina wajumbe wao humo. Swali moja likiulizwa na wanachama wengi, mwaka baada ya mwaka, juu ya vibarua, juu ya kodi na juu ya maji ya mto yaliyobadilika rangi, lina nguvu kuliko hundi zote za mfano zilizopata kupigwa picha. Na mwanachama aliyejua na akaweza, kisha akanyamaza kwa kuwa gawio lilikuwa zuri, asitafute kampuni ya kumbebea jawabu lake, kwani kampuni haina ulimi siku ya hesabu, na atakayeulizwa ni yeye.